Mwenye Begi la Jezi

Kila timu ya kandanda kule Mashimoni, Kibera, ina mtu anayelala na jezi. Chumba chake ni futi 10 kwa 10 kama vya majirani, kimegawanywa kwa pazia, na chini ya kitanda kuna begi kubwa: jezi, koni, mipira miwili ambayo mmoja umeshonwa, na chupa ya dawa ya kuchua. Huyo ndiye kocha msaidizi. Kocha mkuu anaweza kuwa mkaazi wa Kawangware au Ngumo, na anaweza kubadilishwa msimu ukiwa katikati. Begi halihami.

Hakuna anayemwandikia barua ya kazi. Mara nyingi ni mchezaji wa zamani aliyeangushwa na goti. Alianza kwa kubeba maji, akaja kupanga koni, kisha akaachiwa watoto wa chini ya miaka 13 siku za Jumamosi. Siku moja kocha mkuu akakwama kwenye foleni ya Ngong Road, mechi ikawa inakaribia, na msaidizi ndiye akataja majina 11. Tangu siku hiyo akina mama wa ploti wakamwita kocha, na mtaa ukimpa mtu jina ndio umemwajiri, isipokuwa mshahara haumo.

Kazi yenyewe huanza kabla jua halijapanda, kwa sababu wachezaji wengi ni watu wa vibarua. Wapo wa mjengo, na wapo wanaofuata reli kwa miguu hadi Industrial Area kutafuta kazi ya siku. Asiyefanya mazoezi alfajiri atafanya jioni, akiwa tayari amebeba mawe kutwa nzima. Kocha msaidizi ndiye anayejua nani kabeba nini. Mkuu akisema fulani mvivu leo, yeye hunong'ona kwamba fulani hajala tangu jana. Hapo mtu hupumzishwa bila kuaibishwa, na hilo ni jambo kubwa katika mtaa ambamo kila mtu anamjua mwenzake.

Halafu kuna kalenda. Sijaona ikifundishwa popote, lakini asiyeijua hawezi kuongoza timu Kibera hata mwezi mmoja. Wachezaji Waislamu wa Makina, ambako ndiko kitovu cha Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliokalishwa hapa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, hufunga Ramadhani. Mazoezi hupunguzwa na hakuna anayekimbizwa mbio ndefu saa 10 jioni. Wasabato, ambao ni wengi miongoni mwa Waluo na Wakisii, hawachezi Jumamosi. Ratiba ikisema Jumamosi, kikosi hupangwa bila wao na hakuna anayewauliza kwa nini. Disemba Waluhya wanakwenda Kakamega na Vihiga, Wakamba wanakwenda Machakos na Kitui, na timu inabaki na watu wachache wasiotimia hata kikosi. Hata dua kabla ya mechi ina mpango wake: duara moja, mikono mabegani, Mkristo anaomba, Mwislamu anamalizia, au kinyume chake wiki ijayo. Anayekumbuka zamu ni ya nani ni kocha msaidizi.

Mchanganyiko huo haukujileta wenyewe. Carolina for Kibera, shirika lililoanzishwa mwaka 2001, liliweka sharti kwamba timu za ligi yake zichanganye makabila. Ng'ambo ya jiji, MYSA, shirika la michezo la vijana wa Mathare lililoanza mwaka 1987, lilizipa timu pointi za ligi kwa kusafisha mitaro na kuzoa taka. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Kibera ilipogawanyika kijiji kwa kijiji, wale waliojua nyumba za wachezaji wa kila kabila walikuwa na kazi ambayo mzee wa kijiji peke yake hangeiweza. Walibisha mlango kwa mlango, wakaomba vijana warudi uwanjani.

Uwanja nao una adabu zake. Mashimoni nyumba zimebanana hata mpira hauna pa kudunda, kwa hiyo timu hutoka na kugombania nafasi Kamukunji, uwanja wa DC au Woodley. Anayewahi ndiye mwenye uwanja, na dalili ya kuwahi ni koni zilizopangwa chini. Hakuna anayeng'oa koni za mwenzake; hilo ni kosa ambalo hukumbukwa miaka. Mechi ya kirafiki dhidi ya timu ya Kawangware ikipangwa, wenyeji humlipa refa na kuwapa wageni maji, wageni hujilipia nauli. Wa Kibera wakikosa nauli huenda kwa miguu kupitia Dagoretti Corner, kocha msaidizi akiwa nyuma kabisa na begi begani, akihesabu vichwa. Watani wa Kawangware hupenda kusema watu wa Kibera hufika uwanjani wakiwa tayari wamecheza kipindi cha kwanza barabarani.

Msiba ndio unaomkweza kocha msaidizi zaidi. Mzazi wa mchezaji akifariki, yeye ndiye anayepita na daftari kuchangisha, anayeteua wachezaji wa kukaa kwenye matanga usiku, na wawili wa kusindikiza mwili hadi mashambani wakiwa na jezi za timu. Vivyo hivyo kijana akikamatwa katika msako, mama yake huanza kwa kocha kabla ya kwenda kwa chifu. Kocha ataulizwa kituoni wewe ni nani wake, naye atajibu, "Mimi ni kocha wake." Mara nyingine jibu hilo hutosha. Sijui ni ofisi gani nyingine ya mtaani yenye heshima kama hiyo bila hata kiti.

Wanasiasa wanalijua hilo. Msimu wa kampeni ukikaribia, mashindano huchipuka kila wadi, zawadi ikiwa mbuzi au fahali, na jezi zenye picha ya mgombea kifuani. Kocha msaidizi hupokea jezi, hushukuru, na timu huzivaa hadi picha ifutike kwa sabuni. Mbuzi akishindwa kugawanyika vizuri, lawama ni zake. Lakini usidhani mtaa hununuliwa kirahisi. Katika uchaguzi mdogo wa eneo bunge la Kibra wa Novemba 2019, McDonald Mariga, mchezaji wa zamani wa timu ya taifa, Harambee Stars, aliyekuwa Inter Milan ilipotwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2010, aligombea kwa tiketi ya chama cha Jubilee akashindwa na Imran Okoth wa ODM. Watu walimpenda Mariga na mpira wake, wakampigia kura mwingine. Mnamo Disemba 2024 Mariga alichaguliwa makamu wa rais wa Shirikisho la Kandanda Kenya, na huko ndiko ninakoona anaweza kuwafaa makocha hawa wasaidizi.

Maana ngazi ya ukocha ipo, ila vipandio vyake vina bei. Leseni za Shirikisho la Kandanda Afrika (CAF) huanzia D, na kupanda C, B, A na kuendelea, na bila karatasi hizo benchi la Ligi Kuu utaliona kutoka jukwaani. Ada na siku za kukaa darasani bila kibarua ndizo zinazomzuia mtu wa Mashimoni, mpira anaujua. Wapo waliopanda: Francis Kimanzi alitoka Mathare United, akaipa ubingwa wa ligi mwaka 2008 na kuinoa Harambee Stars. Mwaka 2024 Jackline Juma alikabidhiwa klabu ya FC Talanta, akawa mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume katika Ligi Kuu ya Kenya. Na kurudi kuwa msaidizi si kushuka. Zedekiah "Zico" Otieno, aliyekuwa kocha wa Gor Mahia, alimsaidia Kimanzi katika Harambee Stars. Huko Marekani, wasaidizi wa timu kubwa za vyuo katika ule mpira wao wa kubeba mikononi huhama chuo hadi chuo wakifuata mikataba, na wengine hupata zaidi ya dola 1,000,000 kwa mwaka. Wa kwetu hahami, na kwa maoni yangu huko kutohama ndiko kunakoishikilia timu. Lakini kutohama huko tumekugeuza kuwa kisingizio cha kutomlipa.

Mchezaji akisajiliwa na klabu kubwa, desturi ni familia kumletea kocha asante: mpira mpya, kilo za sukari, mara chache pesa. Ni desturi nzuri na haitoshi. Ewe uliyefundishwa na mmoja wa hawa na leo unapokea mshahara, mpigie simu wiki hii, mlipie ada ya kozi ya leseni D, na umwongezee siku zile atakazokosa kibarua.