Kwa Nini Wanakuuliza Kadi ya Manjano Mpakani

Kama wewe ni mtu wa Kapata, labda una ndugu huko Chingola au Ndola, ama mume wako ni shofere wa kamyo inayopeleka shaba mpaka Dar es Salaam. Siku moja utafika Kasumbalesa. Hapo hawatatazama pasipoti na mizigo tu. Mtu wa afya atakuelekezea kipima-homa usoni, naye atakuuliza kadi yako ya manjano, ile ambayo wengi wetu twaiita karne. Watu wengi hukasirika. Husema, “Mimi si mgonjwa, kwa nini wananisumbua?” Wengine husema hii ni njia ya kula franga zetu tu. Yafaa tulielewe jambo hili vizuri, kwa maana asiyejua sababu ya sheria huitafutia njia ya kando, na njia ya kando imekwisha kuua watu.

Desturi ya kuzuia msafiri ili achunguzwe si ya leo. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 13, kuhani alimfungia siku 7 mtu mwenye alama katika ngozi, kisha akamtazama tena. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, penye bahari ya Adria, uliwaamuru watu waliotoka katika nchi zenye tauni wakae mbali siku 30 kabla ya kuingia. Baadaye Wataliani walizifanya siku 40, na katika lugha yao neno la arobaini ndilo lililozaa neno karantini. Watu wale hawakujua vijidudu. Lakini walijua jambo moja lililo kweli hata leo: mtu aweza kuonekana mzima, naye amekwisha kubeba ugonjwa.

Shika neno hilo, maana mpaka haumtafuti mgonjwa peke yake. Mgonjwa huonekana, hata mtoto aweza kumwonyesha. Mpaka unamtafuta yule anayejiona mzima.

Chukua homa ya manjano. Huletwa na virusi, vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, ambavyo mbu huvichukua kutoka kwa mtu mmoja mpaka kwa mwingine. Huyu si yule mbu wa malaria anayekuja usiku. Huyu huuma mchana. Hupenda kuzaa katika maji safi yaliyosimama karibu na nyumba: pipa lisilofunikwa, kopo, mpira wa gari uliotupwa uani. (Sisi tunaoweka akiba ya maji katika mapipa na bidoni, na tutoke sasa hivi tukaangalie vifuniko.) Mbu mwenye virusi akikuuma, zitapita siku 3 mpaka 6 nawe huna habari. Utakula, utafanya kazi, utapanda gari. Ndipo homa itakuja, na maumivu ya kichwa na mgongo, na kutapika. Wengi hupona. Lakini kwa wengine homa huondoka kwa muda mfupi, kisha hurudi kwa ukali: macho hugeuka manjano, damu hutoka kinywani na puani, matapishi huwa meusi. Katika hao wanaofikia hali hiyo, karibu nusu hufa. Tena hakuna dawa ya kuviua virusi hivyo. Munganga humsaidia mgonjwa kwa maji na uangalizi tu.

Sasa zihesabu siku zile 6. Shofere anayetoka Kolwezi anaweza kuwa mbali sana ndani ya Zambia kabla ya kuumwa kichwa. Akilala huko, mbu wa huko atamwuma, na baada ya siku kadhaa mbu huyo atawauma watoto wa nyumba ile. Shofere hakuwa na nia mbaya. Lakini ugonjwa hauulizi nia.

Haya si maneno ya kutisha tu. Desemba 2015 homa ya manjano ilianza Viana, karibu na Luanda katika Angola. Mwaka 2016 ilivuka mpaka ikaingia kwetu Kongo, na wagonjwa wengi waliohakikishwa mwaka ule walikuwa wametoka Angola. Wakenya wawili walirudi Nairobi nayo, na mmoja alikufa. Wafanyakazi 11 Wachina waliokuwa Angola walirudi kwao nayo pia. Huko Asia homa hiyo haikuwa imejulikana, ijapokuwa mbu wa namna ile wamejaa huko. Ungewaza nini kama ingeenea katika miji yenye watu mamilioni ambao hawajachanjwa hata mmoja? Wakati ule dawa ya chanjo ilipunguka duniani hata mwezi wa Agosti 2016 watu zaidi ya milioni 7 wa Kinshasa walichomwa sehemu ya tano tu ya dozi ya kawaida. Sehemu hiyo ilifaa kuzuia ugonjwa usienee mjini, lakini haihesabiwi kwa kadi ya safari. Kama wewe au ndugu yako mlichomwa Kinshasa wakati ule, mwambie munganga kabla ya kusafiri ng’ambo.

Chanjo yenyewe ni nzuri, tena ni ya zamani. Max Theiler na wenzake waliipata mwaka 1937, na kwa kazi hiyo alipewa zawadi ya Nobel mwaka 1951. Sindano moja yatosha maisha yote. Zamani kadi ilidumu miaka 10, lakini tangu tarehe 11 Julai 2016 sheria ya mataifa yote inasema kadi ya homa ya manjano ni halali mpaka mwisho wa maisha ya mwenye kadi, hata kama iliandikwa kabla ya siku hiyo. Basi kama kadi yako ya zamani inaonyesha miaka 10, usikubali kuchomwa tena kwa sababu ya hesabu hiyo tu, wala usiandike kitu juu yake. Kadi iliyofutwa au kubadilishwa huharibika.

Lakini haianzi kazi siku ile ile. Mwili unahitaji muda wa kujenga kinga, na kwa hiyo kadi huwa halali baada ya siku 10. Hapa ndipo watu hujikwaa. Mtu hupata habari ya msiba Kitwe, hukimbia Lubumbashi, huchomwa Jumatatu, na Jumanne yuko Kasumbalesa. Kwa sheria kadi yake haijawa halali bado. Nchi anayoiendea ina haki ya kumrudisha, au kumweka mahali pa kuangaliwa mpaka siku 6 zitimie. Afadhali uchomwe sasa, wakati huna safari.

Twende kwenye neno lililo baya zaidi. Wako watu wanaouza kadi bila sindano. Wanaandika jina lako, wanapiga muhuri, unalipa, unakwenda. Mnunuzi huona amepata faida kwa kuwa hakupanga mstari wala hakuumia mkono. Amepata nini? Amepata karatasi ambayo mbu hawezi kuisoma. Karatasi hiyo inamshuhudia kwa watu wa Zambia kwamba yeye hawezi kuwaletea ugonjwa, na huo ni ushuhuda wa uongo juu ya uhai wa majirani. Tena udanganyifu wa wachache huwaadhibu wengi, kwa maana kadi za nchi yenye sifa mbaya hazisadikiwi. Mwezi wa Machi 2012 Afrika Kusini iliwarudisha wasafiri 125 wa Nijeria kwa kuzitilia mashaka kadi zao. Nijeria nayo ikawarudisha watu wa Afrika Kusini, mpaka Afrika Kusini ikaomba radhi.

Kadi ya kweli utaitambua hivi. Ina jina lako kama lilivyo katika pasipoti. Ina tarehe ya chanjo, na mwezi umeandikwa kwa herufi, si kwa namba. Ina sahihi ya aliyechoma, na jina la kiwanda cha dawa pamoja na namba ya chupa, na muhuri wa mahali palipochomewa. Kisha wewe mwenyewe unatia sahihi. Mtoto ana kadi yake mwenyewe, na mzazi humtilia sahihi. Wamama wengi huleta kadi ya kliniki ya mtoto wakidhani ni ile ile. Siyo. Ni kweli kwamba mtoto hupata chanjo hiyo kliniki akiwa na miezi 9, nawe usiikose, lakini kwa safari omba kadi ya safari.

Wako pia wasiofaa kuchomwa. Mtoto chini ya miezi 6 asichomwe kabisa. Mtu anayedhurika vibaya kwa mayai, na mtu ambaye ugonjwa umeishusha sana nguvu ya mwili wake, kama wengine wenye ukimwi, waseme mapema. Mama mwenye mimba, na mzee aliyepita miaka 60 ambaye hajachomwa kamwe, wazungumze kwanza na munganga. Usione haya kusema. Munganga anaweza kukuandikia barua ya kukuondolea sindano, kwa sahihi na muhuri, nayo hupokewa mara nyingi mpakani.

Usidhani sasa kwamba kadi inakukinga na kila kitu. Zamani ilikuwako kadi ya ndui, lakini ndui iliisha duniani, na mwaka 1980 mataifa yalitangaza hivyo. Kadi ya kipindupindu iliondolewa mwaka 1973 kwa sababu sindano ya siku zile haikuzuia ugonjwa kupita. Kinachozuia kipindupindu ni maji safi, choo, na mikono iliyonawishwa kwa sabuni. Hata hivyo hofu yake inafunga milango. Zambia ilipigwa sana na kipindupindu tangu Oktoba 2023 mpaka mwaka 2024, na watu zaidi ya 700 walikufa. Nchi nyingine za kusini nazo ziliguswa. Mwezi wa Februari 2024 meli kubwa ya watalii, Norwegian Dawn, ilifika Morisi ikitoka upande wa Afrika Kusini, na ndani yake walikuwamo watu waliougua tumbo. Morisi ilikataa isitie nanga bandarini. Wasafiri zaidi ya elfu mbili, watu wenye mali, walingoja baharini mpaka vipimo vilipoonyesha kwamba si kipindupindu. Wewe uliyengoja Kasumbalesa juani na mzigo kichwani, ujue kwamba na tajiri katika meli yake hungoja vilevile.

Sasa kile kipima-homa. Hakitoi ugonjwa wala hakiumizi macho. Kinasoma joto la ngozi tu, na mara nyingine jua humdanganya mwenye kukishika. Kama umetembea juani, omba ukae kivulini, upimwe tena. Lakini usifanye kama wale wanaomeza parasetamoli njiani ili joto lishuke wapite. Wamefaulu kumdanganya nani?

Sikia yaliyotokea mpakani kwetu wenyewe, upande wa mashariki. Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na kabla ya kutangazwa mwisho wake, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikufa. Mwezi wa Juni 2019 jamaa moja ilikuwa inarudi Uganda baada ya kumwuguza na kumzika mzee wao aliyekufa kwa Ebola. Penye mpaka walionekana na dalili, wakawekwa mahali pa kuangaliwa. Baadhi yao walitoroka, wakavuka kwa njia ya porini. Mtoto wa miaka 5 alikufa hospitalini upande wa pili, na bibi yake naye akafa. Siwahukumu. Walikuwa na msiba, walitaka kufika nyumbani. Lakini mahali pale walipotoroka palikuwa ndipo mahali pa kupata msaada mapema, na njia ya porini iliuvusha ugonjwa mpaka Uganda.

Kuhusu vipimo vya pua vya wakati wa Covid, wengi huniuliza kama vitarudi. Katika miaka ya 2020 na 2021 nchi nyingi zilidai karatasi ya kipimo isiyopita saa 72, na huko Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kamyo zilipanga mstari wa kilometa nyingi zikingoja majibu. Karatasi ile haidaiwi tena katika mipaka mingi. Lakini kumbuka tofauti yake na kadi. Kadi ya chanjo inasema habari ya maisha yako yote. Kipimo kinasema habari ya siku ile tu, nawe unaweza kuambukizwa kesho yake. Ukija ugonjwa mwingine, sheria nyingine zitakuja. Kwa hiyo kabla ya safari waulize wale wa Usafi wa Mipaka, ambao kwa herufi huitwa PNHF, au uulize hospitalini, wala usimwulize dalali wa kituo cha magari.

Weka kadi ndani ya plastiki pamoja na pasipoti. Chukua maji yako ya kunywa yaliyochemshwa, na sabuni. Kama kuhara kukikushika njiani, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji safi, unywe mara kwa mara huku ukitafuta hospitali. Na ukirudi Kapata, kisha homa ikakupata ndani ya majuma matatu, usikae nyumbani ukisema ni malaria tu. Njoo hospitalini, na neno la kwanza kumwambia aliye mlangoni liwe jina la mahali ulipotoka na siku uliyorudi.