Uuguzi wa Uchunguzi wa Jinai (3): Maiti Iliyopita Kwihara

Msimu wa matangazo ya masomo ya uzamili umerudi magazetini. Niliyoyasoma yanataja uuguzi wa wagonjwa mahututi na wa afya ya akili. Huu wa uchunguzi wa jinai, tunaoujadili tangu makala ya kwanza, sikuuona. Marekani chama cha wauguzi kiliutambua kuwa tawi rasmi mwaka 1995.

Sisi wa Tabora tusiuite mambo ya Wazungu. David Livingstone alipofia kijijini kwa Chitambo, Mei 1873, wapagazi na watumishi wake waliazimia kumrudisha kwao. Farjala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, ndiye aliyeupasua mwili. Alitoa viungo vya ndani, akakuta donge la damu iliyoganda, kubwa kama kiganja. Moyo ulizikwa chini ya mti. Jacob Wainwright akasoma sala na kuchonga maandishi kwenye shina. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa siku 14, ukaviringishwa kaliko, ukatiwa ndani ya gome la mti na kushonewa turubai.

Walipofika Kwihara, hapa jirani na Tabora, Oktoba, Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone, aliwashauri wauzike papo hapo. Chuma na Susi, watumishi walioongoza msafara, wakakataa katakata. Na kwa kuwa njiani watu hawakutaka maiti ipitishwe kwao, waliufunga upya ukaonekana robota la kitambaa, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. London, Aprili, daktari wa upasuaji Sir William Fergusson aliukagua mfupa wa mkono wa kushoto, akaona pale simba alipouvunja miaka 30 nyuma. Alikuwa Livingstone kweli.

Walichunguza, wakaandika, wakafunga, wala hawakuuacha mzigo mikononi mwa wengine. Kuwaita wabebaji tu ni kuwadhulumu.

Kazi kama hiyo inamsubiri muuguzi wa leo: binti aliyebakwa analetwa zahanati usiku kwa bodaboda. Fomu ya polisi, PF3, ataijaza daktari, lakini anayempokea na kumvua nguo ni muuguzi. Akimwogesha kwa huruma, ushahidi umekwenda na maji. Nguo mbichi ikifungwa kwenye mfuko wa nailoni huota ukungu; ikikaushwa na kutiwa bahasha ya karatasi, yenye jina, saa na saini ya kila aliyeishika, Mkemia Mkuu wa Serikali atakuwa na cha kupima. Semina ya siku mbili haitoshi kumwandaa muuguzi kusimama kizimbani na kuhojiwa na wakili. Chuo kikuu cha afya cha Muhimbili (MUHAS) kianzishe masomo haya ya uzamili, kianze na wauguzi wazoefu wa Nzega, Sikonge na Urambo, na serikali iwalipie ada.