Amana, Riba, Zaka na Wakfu: Maadili ya Kiislamu na Uchumi wa Jumuiya

1. Utangulizi

Mji wa Likasi, ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ulikua kwa shaba na kobalti. Kampuni ya Union Minière, na Gécamines iliyoirithi baada ya kutaifishwa mwaka 1967, iliwapa wafanyakazi nyumba, shule, hospitali na hata posho ya unga. Uzalishaji uliporomoka katika miaka ya 1990. Kisha mpango wa kuondoka kazini kwa hiari, ulioanza mwaka 2003, ukawaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika Katanga. Tangu hapo kaya nyingi hutegemea biashara ndogo na vikundi vya kuchangiana. Makala haya yanachunguza maneno manne yaliyoingia katika Kiswahili pamoja na Uislamu, na kuonyesha jinsi maadili yaliyomo yanavyoweza kuwa msingi wa vikundi hivyo.

2. Amana na riba

Amana ni kitu anachokabidhiwa mtu akitunze kwa niaba ya mwenyewe. Neno hili lina mzizi mmoja wa Kiarabu na imani na amini. Katika mafundisho ya Kiislamu mali yote ni ya Mungu, na binadamu ni mdhamini tu. Ndivyo inavyosimama likelemba, ambayo Watanzania huiita upatu: kila mwanachama hutoa kiasi kilekile, na kila mmoja hupokea jumla kwa zamu yake. Haina riba wala rehani. Dhamana yake ni uaminifu. Aliyekwisha kupokea akitoroka, hasara huwaangukia wanaongoja zamu.

Hata hivyo, Uislamu hauuachi uaminifu peke yake. Aya ya 282 ya sura ya Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, inaagiza kwamba deni la muda maalumu liandikwe na lishuhudiwe.

Riba, kwa asili yake, maana yake ni ongezeko. Imeharamishwa kwa kuwa mkopeshaji hujihakikishia faida bila kushiriki hasara. Badala yake upo ubia wa mudharaba: mmoja hutoa mtaji, mwingine kazi, faida hugawanywa kwa mapatano, na mtaji ukipotea bila uzembe, hasara ni ya mwenye mtaji. Benki ya kwanza ya Tanzania kuendeshwa yote kwa kanuni hizi ilifunguliwa mwaka 2011 kwa jina la Amana.

3. Zaka na wakfu

Mzizi wa zaka una maana mbili: kutakata na kukua. Mwislamu ambaye fedha zake zimefikia nisabu na kutimiza mwaka hutoa asilimia 2.5. Miongoni mwa makundi manane yanayostahili kupewa ni wenye madeni. Hivyo zaka yaweza kumwinua mchuuzi aliyeanguka.

Wakfu hutokana na mzizi wa kusimama: mali yenyewe husimamishwa, isiuzwe wala isirithiwe, na mapato yake tu ndiyo hutumika. Huko Zanzibar nyumba na mashamba mengi yaliwekwa wakfu kwa ajili ya misikiti, jamaa na maskini. Lakini hata huko nia njema ilihitaji msimamizi: mwaka 1905 iliundwa kamisheni ya kuzisimamia mali hizo.

4. Hitimisho

Waislamu ni wachache Likasi, lakini maneno haya si yao peke yao. Biblia ya Kiswahili huita fungu la kumi zaka, hukemea riba, na Wakristo huweka watu na vitu wakfu. Kwa hiyo Mkristo na Mwislamu wanaochangiana wanayo tayari lugha ya kupatania.

Kinachokosekana mara nyingi ni maandishi. Sheria ya OHADA ya vyama vya ushirika ya mwaka 2010, inayotumika nchini mwetu, haikuandikwa kwa Kiswahili. Mwanachama asiyejua Kifaransa hawezi kuisoma, sembuse kudai haki yake. Wanafunzi wetu wa isimu wangefanya kazi yenye manufaa kama wangekusanya msamiati wa vikundi vya Panda na Shituru, kisha wakavisaidia kuandika kanuni zao kwa Kiswahili: nani ameshika amana, kwa muda gani, na mbele ya mashahidi gani.