Kemia ya Tanuri la Chokaa

Katika vitabu vingi vya kemia wanavyosomeshwa watoto waanzao elimu hiyo, somo la mabadiliko ya maada hufunguliwa kwa utepe wa magnesi uwakao kwa mwanga mkali, au kwa unga wa chuma uliochanganywa na salfa na kupashwa moto. Na ingawa mifano hiyo ni sahihi, wala hapana mtaalamu awezaye kuikataa, mimi naona kwamba mwanafunzi wa pwani yetu, tangu Lamu hata Kilwa, ananyimwa mfano ulio bora kuliko yote, nao umo katika kuta za mji wake. Kwani chokaa, kabla ya kufika ukutani na baada ya kufika, hugeuka mara tatu kikemia, mara ya kwanza kwa moto, ya pili kwa maji, ya tatu kwa hewa, na mwisho wa yote hurejea kuwa kitu kile kile kilichoingia motoni. Na mtu akiyafahamu mageuko hayo matatu sawasawa, amekwisha ushika mzizi wa ilmu hii.

Sharti kwanza tutafautishe mabadiliko ya namna mbili, kwa kuwa watu wengi huyachanganya. Maji ya bahari yaachwapo juani katika mashamba ya chumvi, kama yale ya Bagamoyo au ya Pemba, maji huruka yakawa mvuke na chumvi ikabaki, gramu 35 hivi kwa kila kilo moja ya maji. Lakini chumvi hiyo ilikuwamo tangu awali ikiwa chumvi, na mvuke ule ni maji yale yale, na apendaye aweza kuirudisha chumvi majini na kuitoa tena mara atakazo, pasiwe na kitu kipya kilichozaliwa. Kadhalika udongo wa kukandikia nyumba: ukiwa mbichi ni laini, ukikauka huwa mgumu, na mvua ikiupiga muda mrefu hurudi kuwa tope. Hayo ni mabadiliko ya hali tu, ambayo wataalamu huyaita ya kiumbo. Ama chokaa habari yake ni nyingine, na kosa lililoenea ni kudhani kwamba chokaa ukutani hukauka kama udongo ukaukavyo; lau ingalikuwa hivyo, kuta zilizosalia za Husuni Kubwa kule Kilwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lililojengwa mapema katika karne ya 14, zisingalistahimili masika ya karne zote hizi.

Twende sasa kwenye jiwe lenyewe. Matumbawe ni kazi ya wanyama wadogo mno wa baharini, ambao hutwaa majini madini ya kalisi na kaboneti, wakajijengea kwayo makao magumu. Wao hufa, makao yakabaki, na kwa kupita maelfu ya miaka na kushuka kwa bahari, miamba hiyo imekuwa nchi kavu, hata miji yetu mingi imejengwa juu yake na kwa mawe yake. Kitu kilichomo, ukiondoa uchafu kidogo, ni kalisi kaboneti, nayo ni msombo wala si mchanganyiko. Maana yake ni kwamba kalisi, kaboni na oksijeni hazikukaa humo kama mchele na chuya, hata mtu aweze kuzitenga kwa kupepeta, bali zimefungamana kwa kipimo kisichobadilika, atomi moja ya kalisi, moja ya kaboni na tatu za oksijeni.

Wachoma chokaa hupanga magogo kwa duara, wakarundika vipande vya mawe juu yake, wakatia moto. Na joto la jiwe lifikapo nyuzi 900 hivi, kifungo hicho hukatika. Kaboni hutoka pamoja na sehemu ya oksijeni, zikiwa hewa ya ukaa isiyoonekana kwa macho, na kinachobaki ni kalisi oksidi, ndiyo chokaa kali isiyotiwa maji. Kipande kilichotoka tanurini sura yake haijapotea, isipokuwa kimekuwa cheupe na chepesi. Ni mizani ndiyo itoayo ushahidi wa yaliyopita, kwa kuwa gramu 100 za kalisi kaboneti safi hubakisha gramu 56 tu za chokaa, na gramu 44 zimekwenda na upepo. Ndiyo maana tanuri sharti liwe na pitio la hewa, maana hewa ya ukaa ikizuiliwa isitoke hushikana tena na chokaa, na jiwe haliivi hata kuni zikaisha.

Gramu hizo 44 ziliwashughulisha sana wataalamu wa Ulaya zamani. Wengi wao walishika dhana kwamba ukali wa chokaa, ule uunguzao ngozi, ni moto wenyewe ulioingia ndani ya jiwe ukakaa humo. Aliyeivunja dhana hiyo ni Joseph Black, tabibu Mskoti aliyesoma Glasgow na Edinburgh, ambaye katika maandishi aliyoyachapisha mwaka 1756 alibainisha, kwa kupima uzito hatua kwa hatua, kwamba moto haukuliongezea jiwe kitu, bali ulilipokonya. Na kilichopokonywa ni hewa ya namna ya peke yake, ambayo baadaye aliitambua hata katika pumzi za binadamu. Namhesabu Black miongoni mwa walimu wakubwa wa ulimwengu, na heshima hiyo naona aistahili zaidi kwa njia yake kuliko kwa hewa aliyoivumbua: alikataa kusadiki kwa macho peke yake, akaiweka mizani kuwa hakimu baina ya dhana na hakika. Mwaka 1789 Antoine Lavoisier wa Ufaransa aliipanua njia hiyo akaifanya kanuni ya kemia nzima, kwamba jumla ya uzito wa vitu kabla ya mmenyuko ni sawa na jumla ya uzito wao baadaye.

Mageuko ya pili ni ya maji. Chokaa kali ikizimuliwa, yaani ikitiwa maji, hayo hayabaki kuwa maji yaliyolowesha kitu. Huingia katika umbile la chokaa na kuwa sehemu yake, gramu 56 za chokaa zikitwaa gramu 18 za maji na kuwa gramu 74 za kalisi haidroksidi, unga mweupe laini ambao maji yakizidi huwa uji mzito. Mwenye kuitazama kazi hiyo mara ya kwanza hustaajabu, kwa kuwa jiwe lililokuwa baridi hupasuka, likavimba, likafuka mvuke, na maji huweza kuchemka pasipo moto. Hapa pana hatari ya kweli: chembe ya chokaa kali ikiruka jichoni huweza kumpofusha mtu, kwa hiyo mwalimu asithubutu kuwapa watoto waishike. Waashi hodari huiacha chokaa iliyozimuliwa ikae muda mrefu kabla ya kuitumia, na desturi hiyo ina sababu thabiti, kwani vipande vilivyochelewa kunywa maji, vikitiwa ukutani upesi, huvimba baadaye na kuirusha lipu.

Ama mageuko ya tatu ndiyo yaliyosahauliwa kuliko yote, pengine kwa sababu ni ya polepole na hayana kishindo. Ndani ya hewa tuivutayo mna hewa ya ukaa kidogo sana, sehemu 4 hivi katika kila 10,000; na chokaa iliyopakwa ukutani huitwaa hiyo kidogo kidogo, juu kwanza, kisha ndani, kwa miezi, na pakiwa pana unene, kwa miaka. Gramu 74 za chokaa iliyozimuliwa hupokea gramu 44 za hewa ya ukaa, zile zile kwa idadi zilizotoroka tanurini, zikarudisha gramu 100 za kalisi kaboneti, na gramu 18 za maji zikaachwa huru zikauke. Hesabu imefungwa, hapana kilichopotea wala kilichozidi, na ukuta umekuwa jiwe. Lakini hewa ya ukaa haiwezi kufanya kazi hiyo ila iyeyuke kwanza katika unyevu. Ukuta uliokaushwa haraka na jua kali hubaki dhaifu na kutoa vumbi, na kwa hiyo mwashi anyunyiziaye maji ukuta mpya siku kwa siku anausaidia mmenyuko uendelee.

Wala si uzito peke yake uliolindwa. Kulivunja jiwe kunataka joto, na joto hilo limepimwa: kwa kila gramu 100 za kalisi kaboneti, kilojuli 178 hivi huingia na kufichika ndani ya chokaa. Watu wengi hudhani kuwa joto la tanurini likishapoa limepotea, na sehemu kubwa ya joto la kuni kweli hutawanyika hewani. Lakini hizo 178 zilizotumika kukata kifungo ni amana. Chokaa inapozimuliwa hurejesha 65 mara moja, ndizo zichemshazo maji. Na inapoitwaa hewa ya ukaa ukutani hurejesha 113 zilizobaki, polepole mno hata hapana mkono uwezao kuhisi uvuguvugu wake. Jumlisha 65 na 113, utapata 178. Mimi sijui mfano mwingine uliopo karibu na milango yetu udhihirishao kwa uwazi namna hii kwamba nishati nayo, kama maada, huhesabika kuingia na kutoka.

Mwalimu atakaye kuonyesha haya darasani hahitaji vyombo vya thamani. Atwae chokaa iliyokwisha kuzimuliwa na kupoa, aikoroge katika maji mengi, aache itulie, kisha amimine yale maji maangavu ya juu; chokaa iliyoyeyuka humo haifiki gramu 2 kwa lita, lakini yatosha. Mwanafunzi apulize pumzi humo kwa mrija, kwa hadhari asiyavute kinywani, na mara maji yatakuwa meupe kama maziwa, kwa kuwa hewa ya ukaa ya pumzi yake imeunda chembe za kalisi kaboneti, jiwe lile lile. Akizidi kupuliza, weupe hupungua na maji kuanza kung'aa tena, maana hewa ya ukaa iliyozidi hulifanya jiwe kuwa msombo mwingine uyeyukao. Na hilo ndilo lililochimba mapango ya Amboni karibu na Tanga, ambako maji ya mvua yenye hewa ya ukaa yameyeyusha mawe ya chokaa katika dahari za kale, yakayaacha tena, tone kwa tone, katika nguzo zining'iniazo. Ukoko mweupe ulio ndani ya birika la mwenye kuchota kisima cha mawe ya matumbawe asili yake ni hiyo hiyo, na siki kidogo huuondoa kwa mapovu, kwa sababu asidi huifukuza ile hewa.

Chokaa yenyewe ni kinyume cha asidi, yaani ni alikali. Ikitiwa juu ya manjano, rangi hugeuka nyekundu ya kahawia; na wala tambuu waijua kazi yake kinywani pamoja na popoo, ambako huleta ule wekundu wa mate. Uraibu huo, niseme wazi, huleta saratani ya kinywa.

Jambo moja zaidi, ambalo wenye nyumba hulihitaji kuliko wanafunzi. Saruji nayo hutoka katika jiwe la namna hii, na kiwanda cha Bamburi huko Mombasa, kilichoanza kazi mwaka 1954, kimetumia matumbawe ya kale ya pwani hiyo. Lakini jiwe la saruji huchomwa pamoja na udongo kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, na kuganda kwake hutokana na maji wala si hewa, hata huweza kugandia ndani ya maji. Hushikamana sana, na hapo ndipo penye madhara kwa kuta za kale. Lipu ya chokaa ina vitundu vidogo vingi ambavyo unyevu upandao kutoka ardhini hupitia ukatoka; saruji huuziba mlango huo, na chumvi iliyokuwa ikitoka pamoja na unyevu huganda nyuma ya lipu, fuwele zake zikikua na kuisaga chokaa ya zamani. Mwenye nyumba ya kale katika Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu, akiona lipu ya saruji inabanduka vipande na nyuma yake pana unga mweupe wenye ladha ya chumvi, asiongeze saruji juu ya saruji. Na aibandue yote, auache ukuta utoe unyevu wake kiangazi kizima, kisha amtafute mwashi ajuaye kuchanganya chokaa iliyokaa na mchanga usio na chumvi.