Redio ya Lugha Nyingi na Leseni Yake

Mikocheni ni sehemu ya wilaya ya Kinondoni, upande wa kaskazini wa mji wa Dar es Salaam, na jina lake latokana na mikoche. Siku hizi mtu akilisikia jina hilo hufikiri zaidi habari za redio kuliko habari za miti. Katika eneo la viwanda la Mikocheni ndimo ilimo nyumba ya Radio One, iliyoanza kutangaza mwaka 1994, na vituo vingine vimeweka makao yao sehemu hizo. Zamani haikuwa hivyo. Matangazo ya Tanganyika yalianza Dar es Salaam mwaka 1951. Mwaka 1956 yakawekwa chini ya shirika. Na mwaka 1965 yakaingia mikononi mwa Serikali, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa muda mrefu hapakuwa na sauti nyingine iliyoruhusiwa Tanzania Bara, mpaka sheria ya mwaka 1993 ilipowafungulia watu binafsi mlango.

Basi, katika mitaa ya Kinondoni na Temeke wakaa Wazaramo, ambao ndio wenyeji wa pwani ile, pamoja na Wandengereko, Wachaga, Wahaya, Wasukuma, Wanyakyusa, Wahindi wasemao Kigujarati, na wengine wengi. Tuseme kwamba baadhi yao wamekutana, wakakubaliana kufungua redio moja itakayosema kwa lugha zao mbalimbali, kila lugha kwa zamu yake. Je, yafaa wapewe leseni? Na wakipewa, iwe kwa masharti gani? Hayo ndiyo mambo nitakayoeleza leo.

Kwanza yatupasa kujua kwa nini redio huhitaji leseni. Mtu akitaka kuchapa kitabu, kitabu chake hakimzuii jirani yake kuchapa cha kwake. Redio si hivyo. Sauti husafiri juu ya mawimbi, na kila kituo hupewa wimbi lake. Vituo viwili vya mahali pamoja vikitumia wimbi moja, ni kama ngoma mbili zilizopigwa katika kiwanja kimoja: wachezaji hawajui waifuate ipi. Mataifa yamekubaliana tangu zamani namna ya kugawana mawimbi hayo, na shirika la mataifa linaloangalia kazi hiyo lilianzishwa mwaka 1865, wakati wa simu za waya. Kwa redio za FM, sehemu iliyotengwa katika Afrika ni kati ya megahezi 87.5 na megahezi 108.

Wanafunzi na wafanye hesabu. Kutoka 87.5 mpaka 108 ni megahezi 20.5. Vituo vya mji mmoja vikiachiana nusu megahezi ili visigongane, nafasi zote ni kama 40 tu. Lakini makabila ya Tanzania ni zaidi ya 120. Kwa hiyo hata kama fedha zingepatikana, na hata kama sheria ingeruhusu, hewa ya Dar es Salaam haina nafasi ya kumpa kila mwenye lugha kituo chake. Hapo ndipo shauri la redio moja ya lugha nyingi lipatapo maana. Wasioweza kujengewa kila mmoja nyumba yake waweza kukaa katika nyumba moja, mradi vyumba vigawanywe kwa haki.

Tanzania Bara, mwenye kutoa leseni ni Mamlaka ya Mawasiliano, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003. Zanzibar ina Tume yake ya Utangazaji. Mwombaji huulizwa wenye kituo ni nani, fedha zatoka wapi, mtambo utawekwa wapi na utafika umbali gani, na vipindi vitakuwa vya namna gani. Akiisha kupewa leseni, bado yuko chini ya macho ya Kamati ya Maudhui, ambayo kazi yake ni kuangalia yanayotangazwa. Na juu ya lugha, kanuni zilizotungwa baada ya mlango kufunguliwa zilitaja mbili, yaani Kiswahili na Kiingereza, na lugha nyingine hazikuruhusiwa ila kwa idhini maalumu.

Kanuni hiyo haikutungwa bila sababu. Kiswahili kimewafanya watu wa makabila hayo yote waweze kuketi katika baraza moja, kuuziana sokoni, na kuoana, pasipo kuhitaji mkalimani. Watu wengi waliogopa kwamba kila kabila likiwa na redio yake, majirani wataanza kusikilizana kama wageni. Lakini upande wa pili pana bibi mzee ambaye Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi tu. Habari za kipindupindu, za mafuriko, au za dawa ya mifugo zampita kama upepo. Kwa sababu kama hiyo redio ya jamii ya Orkonerei, iliyoanza mwaka 2002 katika kijiji cha Terrat, wilaya ya Simanjiro, ilitumia Kimaasai pamoja na Kiswahili kuwahudumia wafugaji.

Sasa tutazame kwa jirani. Kenya ilifuata njia nyingine. Redio ya Serikali ilikuwa na saa za lugha za makabila tangu zamani, na mwaka 2000 Kameme FM ikaanza kutangaza kwa Kikikuyu. Baadaye zikaja nyingine, kama Ramogi FM kwa Kijaluo na Kass FM kwa Kikalenjin. Watu walifurahi kusikia lugha ya mama zao ikitoka redioni, na wazee waliokuwa kimya wakapata kusema. Kisha yakaja machafuko baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, yaliyoua watu zaidi ya 1,100. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyotoa taarifa yake mwaka 2008, ilitaja baadhi ya redio za lugha za makabila miongoni mwa waliochochea chuki. Mtangazaji mmoja wa Kass FM, Joshua arap Sang, alishtakiwa The Hague; lakini kesi hiyo ilikomeshwa Aprili 2016 kwa upungufu wa ushahidi, wala hakutiwa hatiani.

Mtu aweza kusema, “Basi, dawa ni kuzizuia lugha hizo.” Nami namwomba aitazame Rwanda kabla ya kukata shauri. Redio iliyoitwa RTLM ilianza Julai 1993, na katika mauaji ya mwaka 1994 iliwahimiza watu kuwaua jirani zao. Ilisema zaidi kwa Kinyarwanda, lugha ambayo karibu watu wote wa nchi ile huisema, muuaji na mwenye kuuawa. Umoja wa lugha haukuwaokoa. Mahakama ya mataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani mwaka 2003 waanzilishi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti. Rufani ya mwaka 2007 ikafuta baadhi ya hatia na kuthibitisha nyingine. Twajifunza hapa kwamba sumu haimo katika lugha. Imo katika neno lisemwalo pasipo mtu wa kulijibia.

Basi leseni njema ni ile inayomtaja mtu wa kujibu, na inayotaja ahadi zinazoweza kuhesabika. Kanada ina redio za namna hii tangu zamani. CHIN ya mjini Toronto ilianza mwaka 1966. Kwa kanuni za mwaka 1999 za nchi hiyo, kituo kilichopewa leseni kwa ajili ya jamii za namna hiyo chapaswa kutumia si chini ya sehemu 60 katika 100 za matangazo yake kwa vipindi vyao, na sehemu 50 katika 100 kwa lugha zisizokuwa Kiingereza, wala Kifaransa, wala za wenyeji wa asili. Tena leseni yenyewe huweza kutaja idadi ya jamii na idadi ya lugha zitakazohudumiwa kila juma. Mwenye kituo hawezi kusema, “Nilikusudia, ila nimesahau.” Saa zake huhesabiwa.

Turudi kwa waombaji wetu wa Mikocheni. Tuseme redio yao yatangaza saa 18 kila siku, yaani saa 126 kwa juma. Nusu yake, saa 63, iwe kwa Kiswahili, ili jirani asiye wa lugha hizo naye apate sehemu yake. Saa 63 zilizobaki wakigawanya kwa lugha tisa, kila lugha itapata saa 7 kwa juma, yaani saa moja kila siku. Ni haba, lakini yatosha kutoa habari, mafundisho ya afya, na hadithi za wazee.

Ila hesabu hiyo yaleta swali lililo gumu kuliko yote: ni lugha tisa zipi? Ikiwa zitachaguliwa zile za wenye fedha za matangazo ya biashara, basi maskini, ambaye kwa ajili yake redio ilitakiwa, atakuwa wa kwanza kuachwa nje. Kwa hiyo mimi naona mambo manne yangepasa kuandikwa katika leseni kabla haijatiwa sahihi. La kwanza, lugha zichaguliwe kwa kuangalia ni nani asiyefikiwa na Kiswahili, si nani mwenye mali. La pili, kila lugha iwe na mhariri wake aijuaye barabara, naye ajulikane kwa jina. La tatu, matangazo yote yahifadhiwe kwa muda. Pasipo hayo mwenye kulalamika hana ushahidi, naye mwenye kusingiziwa hana la kujitetea. La nne, leseni ikifika mwisho wa miaka yake, zamu za lugha zitazamwe upya mbele ya watu.

Mkiisha kusoma maneno haya, ulizaneni katika baraza zenu na katika madarasa yenu: hapa petu, ni nani asiyesikia habari kwa kukosa lugha? Huyo ndiye wa kufikiriwa kwanza, maana aliyekwisha kusikia aweza kungoja.