Wimbo wa roki haujulikani kwa gitaa pekee

Na Mwandishi Wetu

MTU akitaja muziki wa roki katika miji yetu, picha inayowajia wengi ni ya kijana wa Kizungu mwenye nywele ndefu, amelishika gitaa la umeme na kupiga kelele zisizoeleweka. Kwa sababu hiyo, kijana Mwafrika anayeupenda muziki huo huambiwa kwamba ameiga ya watu na kuacha ya kwao.

Madai hayo yana makosa mawili. Kwanza, kelele si kipimo cha roki. Pili, muziki huo haukuanzishwa na Wazungu. Ili kulielewa jambo hili, ni vyema kujiuliza swali ambalo mashabiki hulibishania hadi leo: ni kitu gani hasa kinachoufanya wimbo uwe wa roki?

Jambo la kwanza ni mapigo. Hesabu moja, mbili, tatu, nne, kisha rudia. Katika nyimbo nyingi za roki, pigo zito la ngoma ndogo huangukia kwenye mbili na nne, si kwenye moja na tatu. Mtindo huo wa kupiga makofi ulikuwa umezoeleka katika makanisa ya Wamarekani weusi kabla ya neno roki kujulikana. Ndio unaomfanya msikilizaji atikise kichwa bila kuambiwa.

Jambo la pili ni kipande kifupi cha gitaa, ambacho wanamuziki hukiita rifu. Hurudiwarudiwa tangu mwanzo hadi mwisho na ndicho kinachoubeba wimbo, kiasi kwamba mtu anaweza kuutambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Jambo la tatu ni mkwaruzo. Amplifaya inapolazimishwa kutoa sauti kubwa kuliko uwezo wake, mawimbi ya sauti hukatwa vilele na sauti nyingine mpya huzaliwa ndani yake. Fundi wa redio angesema chombo kimeharibika. Mpiga roki husema sasa kimeanza kufanya kazi. Kwa kuwa mkwaruzo huvuruga sauti zikiwa nyingi, wapigaji wengi hubonyeza sauti mbili tu kwa pamoja, na hapo gitaa hutoa mngurumo mzito usiochafuka.

Hata hivyo, wimbo unaweza kuwa na hayo yote na bado ukawa mkavu. Jambo la nne, ambalo mwandishi wa makala haya analiona kuwa kubwa kuliko yote, ni kwamba anayeimba awe na kitu cha kupoteza. Nyimbo zifuatazo zimechaguliwa kwa vipimo hivyo.

Wa kwanza ni "Strange Things Happening Every Day" wa Sister Rosetta Tharpe, uliorekodiwa mwaka 1944. Mama huyu mweusi, mzaliwa wa jimbo la Arkansas, Marekani, aliimba nyimbo za dini huku akilipiga gitaa la umeme kwa ukali uliowashangaza waumini. Alifariki dunia mwaka 1973, lakini jina lake liliingizwa katika jumba la kumbukumbu la magwiji wa roki, Rock and Roll Hall of Fame, mwaka 2018 tu. Si yeye pekee aliyecheleweshewa heshima. Big Mama Thornton aliurekodi "Hound Dog" mwaka 1952, lakini wengi waliufahamu kupitia Elvis Presley mwaka 1956.

Wa pili ni "Johnny B. Goode" wa Chuck Berry, wa mwaka 1958. Mwanzo wake wa gitaa umekuwa darasa la kwanza kwa wapigaji wengi duniani. Mwaka 1977 uliwekwa katika santuri iliyopelekwa anga za mbali na vyombo vya Voyager, ikiwa sehemu ya sampuli ya sauti za wanadamu.

Wa tatu ni "You Really Got Me" wa kundi la Uingereza, The Kinks, uliotoka mwaka 1964. Mpiga gitaa Dave Davies aliichana spika yake kwa wembe ili apate sauti iliyopasuka. Rifu yake ni fupi mno, na mtoto anaweza kuiimba kwa mdomo.

Wa nne ni "Iron Man" wa Black Sabbath, wa mwaka 1970. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani mjini Birmingham. Alijitengenezea ncha za plastiki na kurudi kwenye gitaa. Anayetaka kujua maana ya kuwa na kitu cha kupoteza na aanzie hapo.

Wa tano ni "When the Levee Breaks" wa Led Zeppelin, wa mwaka 1971. Ngoma za John Bonham zilirekodiwa kwenye ukumbi wenye ngazi ndani ya nyumba ya zamani, vipaza sauti vikiwa vimening'inizwa juu, ndiyo maana zinavuma kama radi. Wimbo wenyewe ulirekodiwa kwanza mwaka 1929 na Memphis Minnie na Kansas Joe McCoy, Wamarekani weusi, ukihusu mafuriko ya mto Mississippi ya mwaka 1927.

Wa sita unapatikana katika albamu "Lazy Bones!!" ya mwaka 1975, ya kundi la WITCH la Zambia lililoongozwa na Emanuel "Jagari" Chanda. Wimbo wenye jina hilo la albamu ni ushahidi kwamba majirani zetu walikuwa na roki yao, iliyoitwa Zamrock, yenye mkwaruzo wa gitaa na mapigo ya nyumbani.

Wa saba ni "We Will Rock You" wa Queen, wa mwaka 1977, ambao ndio mtihani mgumu kuliko yote. Hauna ngoma, na gitaa la Brian May husubiri hadi karibu na mwisho. Husikika miguu ikikanyaga mara mbili na kofi moja. Lakini hesabu tena: makofi yanaangukia kwenye mbili na nne! Aliyeuimba, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi.

Msomaji anaweza kuwa na orodha tofauti, na hiyo ni haki yake. Lakini orodha yoyote ya kweli itapita katika makanisa ya watu weusi wa Marekani, na pengine itagusa Lusaka au Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kijana wa Dar es Salaam au Nairobi anayechukua gitaa na kuipasua sauti yake hajaazima nguo ya jirani. Ameifuata iliyoshonwa na watu wa asili yake.