Geuza galvanomita iwe voltimita, betri iache kukuchezea

Pikipiki ikikataa kuwaka alfajiri, kila mtu stejini anakuwa fundi. Mmoja anasema betri imekufa, mwingine ni waya, na wa tatu tayari anajua duka la kukuuzia betri mpya. Lakini anayetoa pesa ni wewe peke yako.

Kitu kinachomaliza hiyo kelele ni voltimita. Mita ya kidijitali utaipata Luthuli Avenue bila kuuza figo, sikatai. Lakini ukijiundia yako, utajua inachosema na kwa nini, na hakuna mtu atakupiga chenga tena.

Anza na galvanomita, ile mita ya mshale ya maabara ya shule. Ndani kuna koili ya waya mwembamba sana, imekaa katikati ya sumaku. Mkondo ukipita, koili inazunguka na mshale unasonga. Siri hiyo ilianza 1820, pale Hans Christian Ørsted wa Denmark alipoona sindano ya dira ikicheza karibu na waya wenye stima.

Shida ya galvanomita ni kwamba ni nyepesi mno. Tuseme yako ina ukinzani wa omu 100, na mshale unafika mwisho kwa miliampea 1 tu. Hiyo ni volti 0.1. Ukiifunga moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, zitataka kupita miliampea 120, mara 120 ya kile inachoweza. Koili itaungua kabla hujasema "uwi!"

Dawa yake ni rezista, iliyofungwa kwa mfuatano na galvanomita, yaani kwenye njia ile ile moja. Hesabu ni ya darasani, usikimbie. Unataka mshale ufike mwisho kwa volti 15. Gawa 15 kwa ampea 0.001, unapata omu 15,000. Toa zile 100 za koili, zinabaki 14,900. Basi, hiyo ndiyo rezista yako.

Dukani hutapata ya 14,900, lakini unganisha 10,000, 4,700 na mbili za 100, zote kwa mstari mmoja. Chukua zile za kosa la asilimia 1, kwa sababu za asilimia 5 zitakupa majibu ya kubahatisha. Kama uso wa mita una vipimo 30 kutoka sifuri, kila kimoja sasa ni nusu volti. Linganisha na mita nzuri ya rafiki kabla ya kuiamini.

Huo ukinzani mkubwa una kazi nyingine pia. Voltimita hufungwa sambamba na betri, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Ukinzani ukiwa mdogo, mita yenyewe itanyonya stima na kukupa jibu la uongo.

Halafu skiza vizuri: mita hii ni ya betri. Usiipeleke kwenye soketi ya nyumba. Volti 240 hazina utani, na mkondo wake hubadilika mwelekeo, kwa hivyo hata jibu hutapata.

Sasa rudi stejini. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma karibu 12.6. Ikishuka chini ya 12, haina chaji, lakini hiyo si kufa. Ichaji, iache itulie, kisha upime tena. Ikishindwa kushika chaji, hapo sawa, nunua nyingine. Halafu washa injini, ongeza mafuta kidogo. Mshale ukipanda karibu na 14, pikipiki inachaji. Ukibaki pale pale kwenye 12, shida iko kwenye mfumo wa kuchaji, na hata ukinunua betri mpya leo, wiki ijayo utarudi kusukuma.